Tomokawa Kazuki: Filamu Zilimbeba au Zilimfunika?

Nje ya Japani, wengi walimjua mwimbaji Tomokawa Kazuki kupitia filamu ya Izo ya mwongozaji Takashi Miike, iliyotoka 2004. Muuaji Okada Izo anarudi kutoka kwa wafu na kuchinja watu zama hata zama, na kati ya damu ile anajitokeza Tomokawa na gitaa, anaimba kwa sauti iliyokwaruzika, utadhani koo litapasuka.

Wapo wanaosema filamu ile ilimdhulumu, na hoja yao ina uzito. Kufikia hapo alikuwa na takriban miaka 30 ya kazi nyuma yake. Albamu ya kwanza aliitoa 1975. Mwaka 1977 mwimbaji Chiaki Naomi aliimba utunzi wa Tomokawa katika Kohaku, onyesho la televisheni la mkesha wa mwaka mpya, na watazamaji wakashtuka. Mwaka uliofuata Tomokawa akatoa albamu ambamo aliyatia muziki mashairi ya Nakahara Chuya, mshairi wa Kijapani. Mtu wa namna hiyo ni mshairi, lakini mtazamaji wa Izo anaweza kuondoka akikumbuka makelele tu.

Upande wa pili nao hauwezi kupuuzwa. Muziki wake wa miaka ya 1990 ulitolewa na PSF, kampuni ndogo ya Tokyo iliyopendwa na wafuatiliaji wachache. Kamera ndiyo iliyomfikisha mbali zaidi. Mwaka 2009 Mfaransa Vincent Moon alitengeneza filamu ya hali halisi juu yake, La Faute des Fleurs, na baadaye shirika la Blank Forms la New York likazitoa upya albamu zake za miaka ya 1970.

Kwangu mimi, mizani inaamuliwa na kisa kinachosimuliwa mara nyingi: mwongozaji Oshima Nagisa alimtaka aigize Kapteni Yonoi katika filamu ya Merry Christmas, Mr. Lawrence, naye akakataa kwa sababu angelazimika kuacha lafudhi ya Akita, mkoa wa kaskazini alikozaliwa mwaka 1950. Nafasi ikamwendea mwanamuziki Sakamoto Ryuichi, na filamu hiyo ya 1983 ikamtangaza dunia nzima. Ni hasara kubwa, tena ya fedha na jina. Lakini lafudhi ile ndiyo inayoyapa maneno yake ukali. Angeisafisha kwa ajili ya Oshima, angerudi jukwaani na nini?

Ndiyo maana naona filamu iliyomtendea haki kuliko zote ni ile ya mwongozaji Wakamatsu Koji ya kijana aliyemuua mama yake, kisha akapanda baiskeli kuelekea kaskazini. Humo kijana hasemi sana, na sauti ya Tomokawa inaachiwa nafasi ya kusema yale ambayo kijana mwenyewe hawezi kuyatamka. Miike alimweka Tomokawa mbele ya kamera, Wakamatsu alimsikiliza. Anayeanza kumfahamu leo aanze na albamu ile ya 1978, kisha Wakamatsu. Izo inaweza kusubiri.