Kumfukuza askari si tiba
Eti kumfukuza jeshini askari aliyekutwa na dawa za kulevya baada ya vita kunawatia wenzake adabu. Vietnam ilionyesha vingine. Vijana wa Marekani kule walivuta heroini ndani ya sigara, na mwaka 1971 serikali ya Rais wao Nixon ikaagiza wapimwe mkojo kabla ya kupanda ndege ya kurudi. Aliyekutwa nayo alibakizwa kwanza mpaka mwili usafike. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia huko nyumbani, akakuta wengi hawakurudia uraibu. Leo anayetimuliwa kwa cheti kibaya cha kuachishwa jeshi anaweza kukosa hata matibabu ya askari wa zamani, yaani jinamizi la vita analo, daktari hana. Huyo anayekesha macho kodo mnadhani atakimbilia wapi, kama si kwenye unga ule ule?