Kionjo cha tamthilia isiyokuwepo: mwanafunzi wa Dodoma anajifunza nini?

Kazi yenyewe inasomeka kirahisi: tengenezeni kionjo, yaani trela, cha tamthilia mpya ya televisheni. Kule Uingereza ilizoeleka kwa miaka kadhaa katika somo la media ngazi ya A-level, ambako mwanafunzi aliandaa kionjo, kisha akaongeza vitu kama bango la matangazo na jalada la jarida la ratiba za TV. Tamthilia inayotangazwa haipo. Hakuna sehemu hata moja iliyorekodiwa, na mara nyingi hakuna muswada. Je, inafaa kumpa kazi hiyo kijana anayesomea habari au filamu hapa Dodoma? Wapo walimu wanaoipenda na wapo wanaoiona ni kufundisha watoto kupiga debe kabla hawajajua kusimulia. Pande zote mbili zina hoja nzito.

Wanaoiunga mkono huanza na gharama, na hapo hawabishiki. Sehemu moja ya tamthilia inataka nyumba ya kurekodia, waigizaji watakaorudi kesho na nguo zilezile, taa, usafiri na chakula cha watu wote. Kionjo cha dakika moja na nusu kikundi kinaweza kukirekodi kwa simu Jumamosi na Jumapili, kikakihariri kwa CapCut bwenini. Soko pia lipo. Vituo vya televisheni vinahitaji vionjo kila siku, hata kwa tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili, na mtazamaji wa sasa huamua afuatilie nini kwa kipande alichokutana nacho Instagram au kwenye status ya WhatsApp. Kijana anayejua kukata kionjo kizuri ana kitu cha kumwonyesha mwajiri.

Lakini hoja yao bora naiona kwingine. Kionjo cha tamthilia ni kigumu kuliko kinavyoonekana. Filamu humwahidi mtazamaji kwamba mgogoro utafika mwisho, ilhali tamthilia humwahidi kwamba hautaisha karibuni. Kwa hiyo ndani ya sekunde 90 mwanafunzi anatakiwa kututambulisha kwa familia nzima au mtaa mzima: nani mke wa nani, nani anamdai nani, nani anaficha nini. Kila picha inabeba uhusiano. Mwanamke anayemwekea mgeni chai bila kumtazama usoni ametuambia zaidi ya maneno ya msimulizi. Huo ni ufundi wa kuchagua, na mwanafunzi akiupata atautumia hata akiwa mwandishi wa habari.

Sasa tazama vinavyotoka darasani. Kofi. Machozi yaliyopunguzwa mwendo. Gari jeupe likiingia kwenye geti la ghorofa ambalo hakuna mwanakikundi anayejua mwenyewe. Simu inadondoka sakafuni, mama mkwe anageuka, muziki unapanda. Sidhani ni uvivu. Kijana ameambiwa aonyeshe vilele vya hadithi asiyokuwa nayo, basi anaazima vilele vya wengine. Ni sawa na kumwambia mtu apakue chakula ambacho hakijapikwa.

Wanaoipinga kazi hii wana ushahidi ambao kwa Dodoma unagusa moja kwa moja. Mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa redio wa mfululizo kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Ili kupima athari zake, eneo lililokuwa likihudumiwa na mtambo wa Dodoma liliachwa bila mchezo huo mpaka mwaka 1995, litumike kulinganisha na maeneo yaliyousikia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kwamba matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi kule mchezo uliposikika. Watu hawakubadilika kwa kusikia tangazo la mchezo. Waliishi na Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, na mkewe Tunu, wiki baada ya wiki, wakimkasirikia, wakibishana juu yake majumbani, mpaka alipofikwa na UKIMWI. Nguvu ya tamthilia iko kwenye muda, na muda ndicho kitu ambacho kionjo hakina. Mwanafunzi anayeishia kwenye kionjo anamaliza kozi bila kuonja ugumu wa kumfanya mhusika avumilike kwa sehemu 30.

Hoja hiyo inanielemea. Hata hivyo siafiki kwamba kazi ifutwe, kwa sababu kasoro iko kwenye mpangilio. Kionjo kimewekwa mwanzo na mwisho wa kazi, wakati kingepaswa kuja baada ya hadithi.

Na hadithi Dodoma hazikosekani. Chukua viwanja. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliundwa mwaka 1973 na kuvunjwa mwaka 2017, na katikati hapo malalamiko ya wenyeji juu ya ardhi na upimaji yalikuwa maisha ya kila siku. Kikundi kinaweza kubuni familia mbili za Hombolo zinazolima zabibu, shamba lililopimwa baba akiwa hospitalini, na bikoni iliyochimbiwa katikati ya mistari ya mizabibu. Kionjo chake hakihitaji kofi. Mkono unafukua udongo, jiwe la mpaka linatokea, na mtoto wa upande wa pili amesimama na jembe, kimya. Swali limeshaulizwa, tena ni la hapahapa. Muziki utafutwe kwa wapiga zeze na ilimba, ala za Wagogo, wenyewe, waombwe ruhusa na walipwe, badala ya kuchukua wimbo mtandaoni kinyume cha sheria ya hakimiliki.

Kuna jambo la ufundi ambalo mwongozo wa Uingereza hautamwambia mwanafunzi wetu: upepo. Kiangazi cha Dodoma hupuliza tangu asubuhi, na simu ikishikwa mkononi nje, maongezi yote yanageuka mvumo. Nimesikia vionjo vizuri vikikosa alama kwa hilo tu. Dawa ni nafuu: maiki ndogo ya kubana kwenye kola, ikavishwa kipande cha sponji au manyoya na kufichwa chini ya kitenge, kisha mhusika aupe upepo mgongo. Mwalimu alifundishe hili wiki ya kwanza.

Pendekezo langu ni kwamba kila kikundi kikabidhi kwanza muhtasari wa sehemu 10, mistari mitano kwa kila sehemu, halafu tukio moja kamili la dakika tatu lenye maongezi. Kionjo kifuate, na angalau nusu ya picha zake zitoke kwenye tukio hilo. Walimu watasema madarasa ni makubwa na kusahihisha kutawashinda. Ni kweli kazi itaongezeka, ila muhtasari wa mistari 50 hausomwi kwa zaidi ya dakika kumi, na vikundi vya wanafunzi wanane vinapunguza mafungu. Kinachobaki ni alama, na hapo ningekata mjadala: muhtasari na tukio vibebe theluthi mbili, kionjo theluthi moja. Kikundi kikijua hivyo tangu siku ya kwanza, hakitaanza kwa kutafuta ghorofa la kuazima.