Saa Kumi ya Nani?

Jedwali la maji kupwa na kujaa, lile la kwenye simu, halikuwa na kosa. Naanza na hilo kwa sababu shemeji yangu mpaka leo anawaambia watu kwamba simu yake ilidanganya.

Tulikuwa tisa ndani ya Noah ya watu wanane, ile ya zamani inayosukumwa na tairi za nyuma: mimi, mke wangu, mama mkwe, shemeji, na watoto watano wa nyumba mbili. Nyuma kabisa lilikaa sufuria la pilau lililofungwa kanga, mkeka wa mama mkwe na mbuzi yake ya kukunia nazi. Nilimwambia nazi tutapata zimeshakunwa. Aliniangalia kama nimetukana.

Tuliondoka Dar usiku bado mbichi. Chalinze, Segera, Muheza, tukateremka Pangani. Wakati huo tulikuwa tunavuka mto kwa kivuko kwenda Bweni, kisha unashika njia ya kusini hadi Ushongo. Tukiwa tunasubiri zamu ya kivuko nikamwambia shemeji atazame maji yanakupwa saa ngapi, maana watoto walitaka kuokota makombe.

"Kupwa, kumi na dakika nne," akasoma. "Kujaa, nne na dakika kumi na mbili."

"Safi kabisa," nikasema. "Saa nne imeshapita, maji yalishajaa. Sasa yanaondoka mpaka saa kumi."

Hapo ndipo tulipoangamia. Jedwali lile limeandikwa kwa saa za Kizungu. 10:04 asubuhi ni saa nne yetu, na 4:12 jioni ndiyo saa kumi yetu. Mtu akichanganya saa hizo kwenye tiketi ya basi, anachelewa basi, yamekwisha. Kwenye bahari ni balaa, kwa sababu kutoka kupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika kama kumi na mbili, na tofauti ya saa zetu na zao ni sita vilevile. Ukikosea, kila kupwa inakuwa kujaa. Hakuna namna ya kukosea kidogo.

Mama mkwe ni mzaliwa wa Pangani. Hakuhitaji simu. "Baba," akaniambia taratibu, "mwezi jana ulikuwa sahani nzima. Hili ni bamvua, maji makubwa. Saa kumi maji yatakuwa kwenye minazi."

Na kweli, pwani yetu bamvua la mwezi mpevu na la mwezi mwandamo hujaa saa kumi au karibu yake, usiku na mchana, na hukupwa saa nne. Kila siku inayofuata maji huchelewa kama dakika 50. Mzee wa pwani anakuhesabia hayo huku anamenya muhogo. Mimi nikamwonyesha skrini.

Tulifika saa tano na nusu. Bahari ilikuwa mbali, mchanga umelala mtupu kama uwanja wa mpira. Shemeji akaguna: "Mbona imeshaenda sana?" Nikamjibu kwamba kama saa tano iko pale, basi saa kumi itakuwa imefika Pemba.

Nikashusha gari. Mchanga mkavu wa juu ni laini na unameza tairi, kwa hiyo nilipita pale kwa kasi nikaenda kuegesha chini, kwenye mchanga mbichi, mgumu kama saruji. Nilijipongeza. Sikujiuliza kwa nini ule mstari wa majani ya bahari na vipande vya vifuu, alama ya mahali maji yalipofika usiku, uko hatua arobaini nyuma yangu, juu kwenye minazi.

Tukatandika mkeka kivulini, tukapakua pilau. Jambo jingine ambalo sikulijua: bahari haijai kwa mwendo mmoja. Gawa kimo kitakachopanda mafungu 12. Saa ya kwanza linapanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Siku ya bamvua kimo hicho kinapita meta 3. Sisi tulifika kwenye saa ya pili, bahari bado inapiga miayo. Tulipokuwa tunalamba vidole, saa saba, ilikuwa imeshaamka.

"Baba," mwanangu mdogo akaniita, "gari linaoga."

Nilikimbia na mfupa mdomoni. Maji yalikuwa yanakuja na kurudi kwenye tairi za mbele, na kila yakirudi yanachota mchanga. Umewahi kusimama kwenye mawimbi ukasikia mchanga unakutoka chini ya nyayo? Sasa weka hapo gari yenye uzito wa tani moja na nusu. Nikawasha, nikatia rivasi, nikakanyaga mafuta. Kosa la pili. Tairi likizunguka bila kwenda linajichimbia shimo, na ndani ya sekunde chache difu, lile bonge la gia kati ya tairi za nyuma, ilikuwa imekaa juu ya mchanga, gari limelala tumbo.

Shemeji akaleta jeki. Jeki ikapanda vizuri sana, ila gari halikupanda: jeki ndiyo iliyokuwa inazama. Inahitaji kibao kipana chini yake. Tulitazamana, kisha wote tukaitazama mbuzi.

"Thubutu," akasema mama mkwe.

Tuliikunja ikawa bapa, tukaiweka chini ya jeki. Gari likainuka! Nikasokomeza mkeka nyuma ya tairi, nikaingia, nikakanyaga. Tairi likaushika mkeka, likaupitisha chini yake mzima mzima, likautemea mbele, ukamvaa shemeji kuanzia kichwani. Gari likateleza kutoka kwenye jeki. Chini kukalia *kwa!* Ilikuwa mbuzi.

Wavuvi walikuwa wametutazama muda wote huo, wanakula embe. Walipoona maji yamefika kwenye nati za tairi wakaja. Wa kwanza hakunisalimu mimi. "Shikamoo bi mkubwa," alimwambia mama mkwe, "huyu ni wenu?"

"Ni wa binti yangu," akajibu.

Walifanya kazi kwa mpangilio. Kwanza, nizime injini. Pili, upepo. Tairi zangu zilikuwa na PSI 32. Mmoja akabonya sindano ya ventili kwa njiti, akitazama tumbo la tairi likivimba pembeni, mpaka nikakisia limebaki kama 15. Tairi lenye upepo kidogo linatandaza unyayo. Tatu, wakachimba, si nyuma ya tairi tu kama tulivyofanya sisi, bali chini ya difu yote. Nne, wakasokomeza magogo ya kuvutia ngalawa, wakafunga kamba ya nanga nyuma, kwenye chesisi, si kwenye bampa. Mwisho nikaambiwa niwashe, nisiguse mafuta, usukani unyooke, nirudi juu ya alama zilezile nilizoingilia, kwa sababu mchanga ule umeshashindiliwa.

Watu kumi na wanane wakavuta. Gari likatoka na sauti ya kunyonya, kama kijiko ndani ya ugali mlaini.

Bei aliipanga mama mkwe: elfu hamsini na pilau lote lililobaki. Nilidhani amenitetea, mpaka nikaona lililobaki ni nusu sufuria.

Tulirudi mwendo wa konokono hadi palipokuwa na pampu ya baiskeli. Ukitaka kumjua shemeji yako, mpe pampu ya baiskeli na tairi nne za Noah. Pale kisimani tukamwagia maji baridi chini ya gari, ndoo baada ya ndoo, kwenye breki, chesisi na springi, maana chumvi haingoji kesho.

Muheza, fundi akafungua nati ya difu ili atazame kama maji yameingia. Oili ikamiminika nyeupe, nzito, inateleza polepole kwenye beseni.

"Tazama," akasema fundi, "imekuwa kama tui."

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye benchi, vipande vya mbuzi yake vimefungwa kwenye kanga mapajani. Akanyoosha shingo, akachungulia beseni.

"La pili hilo," akasema. "La kwanza huwa zito zaidi."