Anayedai hela ya picha si ombaomba

Kila msimu wa watalii lalamiko ni lile lile, na siku hizi halitoki kwa wageni wa mbali peke yao. Vijana wetu wa Dar na Nairobi wanaovuka kwenda Unguja wikiendi, kamera shingoni, nao wanarudi nalo: wauza samaki wa soko la Darajani wamekuwa wakali, ukiinua simu unafokewa, ukiomba kwa adabu unatajiwa bei. Kisha hukumu inatolewa hapo hapo, kwamba utalii umewaharibu watu, ukarimu umekufa, kila kitu sasa ni hela.

Lalamiko hilo lina hoja ndani yake, na nitafika huko. Tatizo ni kwamba linasemwa na upande mmoja tu, wenye kamera. Upande wenye meza ya samaki hauandiki makala.

Tuanze na hesabu. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000. Ukigawanya kwa siku za mwaka unapata karibu watu 2,000 kila siku. Si wote wanaofika Darajani. Wapo wanaotolewa uwanja wa ndege wakapelekwa moja kwa moja hotelini Nungwi au Paje, wasiuone mji mpaka siku ya kuondoka. Basi tukisie tu kwamba mmoja kati ya kumi hupita sokoni. Hao ni 200. Wote wana simu. Tukisie tena kwamba nusu yao watavutiwa na meza ile ile ya pweza, kwa sababu pweza anapendeza kwenye picha kuliko bamia. Kwa mgeni, picha ya muuza pweza ni moja, kumbukumbu ya safari aliyoiwekea akiba mwaka mzima. Kwa muuza pweza ni ya mia leo, na kesho kuna mia nyingine.

Hesabu hii haimo kwenye ushauri wa kusafiri unaosambazwa kila mahali: tabasamu, salimia kwa Kiswahili, omba ruhusa kwanza. Ushauri mzuri, siupingi. Lakini kuombwa nako ni kazi. Mtu anayeombwa ruhusa mara 100 kwa siku inabidi kila mara aweke kisu chini, ainue uso, asikilize "jambo" na "hakuna matata", akubali au akatae, na akikataa atabasamu ili asiitwe mkali. Mpe dakika moja kwa kila ombi. Ni saa moja na dakika arobaini za siku yake ya kazi, na samaki hasubiri, barafu inayeyuka. Hakuna mwenye duka la nguo Posta anayekubali kupoteza saa moja na nusu kwa watu ambao hata hawakuingia kununua soksi, na hakuna anayemlaumu akiwatoa.

Hapo sijamtaja mteja. Mama aliyekuja kuchagua changu wa mchana hakuja kuwa kwenye picha ya mtu. Akiona lenzi imemwelekea atavuta mtandio, atageuka, na mara nyingine atahamia meza nyingine. Mgeni hatajua kamwe kwamba picha yake imemgharimu muuzaji kilo mbili za samaki. Ndiyo maana huwa nasita ninaposikia ile kanuni ya "nunua kidogo kwanza ndipo upige". Fungu la nyanya ni bei ya nyanya. Halilipii uso wa muuzaji, na halilipii kabisa uso wa mama aliyesimama kando.

Kwa mafundi sababu ni nyingine, na hapa ndipo wanapoeleweka vibaya zaidi. Ile hadithi ya kale kwamba Mwafrika anaogopa kamera isimwibie roho imewafaa sana wasimulizi wa safari, kwa kuwa inamfanya anayekataa aonekane mshirikina badala ya mfanyabiashara. Nenda Mwenge, Dar es Salaam, kwa wachonga vinyago. Kinyago cha ujamaa, wale watu waliopandiana na kushikana kutoka gogo moja la mpingo, ni kazi ya tezo na patasi kwa siku nyingi, kisha msasa mpaka mti ung'ae. Mchongaji akishabuni mkao mpya, picha moja safi inatosha kwa mwingine kuuiga kwa mti laini, kuupaka dawa ya viatu na kuuza kama mpingo kwa bei ya chini. Picha hiyo hiyo inaweza kuruka kwa WhatsApp kwenda kwa mnunuzi wa jumla ambaye atauliza nani anaweza kuichonga kwa bei nafuu. Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inayogusa hata sanaa za jadi, na Kenya ilipitisha mwaka 2016 sheria nzima ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Ni sheria zenye nia njema. Ila fundi aliye peke yake kibandani Jumamosi asubuhi ana kinga moja tu inayofanya kazi papo hapo, nayo ni kusema: kaka, hapa usipige.

Wamasai wamelijua hili kwa kiwango kikubwa zaidi. Kwa msimu wa 2012 Louis Vuitton walitoa mavazi ya kiume yenye mitindo ya shuka, na hiyo ni moja tu kati ya kampuni nyingi duniani zilizouza kitu kwa jina au sura ya Kimasai. Wazee nao walianzisha juhudi za kudai umiliki wa jina na alama zao, na angalau kampuni moja ya mavazi ya Uingereza, Koy Clothing, ikakubali kulipa leseni. Hakuna aliyewaita wazee hao ombaomba. Mama wa Kimasai anayetandaza shanga zake kando ya barabara na kusema "picha, lipa" anadai kitu kile kile bila wakili.

Sasa upande wa wenye kamera. Una hoja nzito, na si ile ya ukarimu.

Hoja ya kwanza ni ya kumbukumbu. Wapigapicha wa Kigoa, watu wa asili ya Goa huko India, walioweka studio Unguja tangu karne ya 19, A. C. Gomes na J. B. Coutinho miongoni mwao, walituachia picha za mitaa, za wachuuzi, za wanawake na mavazi yao. Nyingi ziliuzwa kama kadi za posta. Sidhani kama kila mchuuzi aliombwa. Leo tunazitumia kujua kanga zilivaliwaje, mzigo ulibebwaje, jengo lililoanguka lilikuwa na milango ya namna gani. Kama kila picha ya sokoni ingesubiri ridhaa, tungekuwa na masoko matupu na watu waliosimama wima wakitazama lenzi. Wenye mapenzi na upigaji picha wa mtaani wanasema hivyo, na wana haki: ukishaomba, kile ulichotaka kukipiga kimekwisha.

Nakubali. Lakini zitazame tena kadi hizo. Jina la studio limechapwa. Mchuuzi ni "mwanamke wa Kiswahili", basi. Halafu linganisha na Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 hapo hapo Unguja. Kule watu walikwenda kwa miguu yao, wakachagua nguo, wakalipa, wakaondoka na picha. Kwa hiyo Wazanzibari hawajawahi kuwa na ugomvi na kamera. Tofauti ni nani anayebaki na picha, na muuza pweza wa leo, aliyepigwa mara nyingi kuliko waziri, huenda hana hata moja.

Hoja ya pili inanisumbua zaidi. Ukiwapa watu wa sokoni haki ya kukataza kamera, wa kwanza kuitumia huenda asiwe muuza samaki. Atakuwa mgambo, afisa wa soko, mtu wa kamati. "Unapiga picha ya nini? Kibali kiko wapi?" Kila mwandishi wa habari Afrika Mashariki anaijua sauti hiyo. Soko la Kariakoo lilipoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, nchi iliona moto kwa simu za wapita njia, na hakuna aliyekuwa na kibali. Mitaro iliyoziba, wachuuzi wanaovunjiwa meza, vyoo visivyo na maji, yote haya yanahitaji mtu wa kuyapiga picha bila kubembeleza. Kanuni yoyote ya picha sokoni isiyotenganisha habari na pambo itaishia kumlinda mkubwa.

Kutenganisha huko kunawezekana, na sheria zimeshaanza. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaacha nje matumizi ya mtu binafsi na ya nyumbani, na ina nafasi ya uandishi wa habari na sanaa. Kwa picha za watu, inachobana zaidi ni biashara. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi, Casa Vera Lounge, faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja wake bila ridhaa. Shule moja iitwayo Roma ikatozwa shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Nimekaa sana na hiyo 1,850,000. Mtu alitoka jioni kujiburudisha, akapigwa picha, picha ikatumika kuipamba klabu. Akalalamika, na dola ikasema sura ya mtu si pambo la bure la biashara yako. (Ni faini, si fidia, lakini tuiache hiyo.) Sasa mtoe klabuni, mvike kanga, mweke nyuma ya meza ya ndizi. Sura yake iko kwenye tovuti ya kampuni ya utalii, kwenye kipeperushi cha hoteli, juu ya maneno "karibu uone maisha halisi". Ni kitendo kile kile. Hakuna faini kwa sababu hakuna aliyelalamika, na hakuna aliyelalamika kwa sababu tovuti hiyo haijafika mezani kwake.

Wakala wakubwa wa kuuza picha, Getty mmojawapo, wanalijua jambo hili vizuri. Picha ya mtu anayetambulika haiendi kwenye tangazo bila fomu ya ridhaa iliyosainiwa. Bila fomu inauzwa kwa matumizi ya habari tu. Yaani soko lenyewe la picha limekiri kwamba ridhaa ya aliyepigwa ina thamani. Anayetaja bei Darajani amefikia jibu lile lile.

Wapinzani wa malipo wana ushahidi mmoja wanaoupenda kupita yote: bonde la Omo, kusini mwa Ethiopia. Kule, kwa Wamursi, bei iliwekwa kwa kila picha, na wapigwaji wakajifunza kuhesabu mlio wa kamera. Matokeo yake yanajulikana. Watu walianza kujipamba kwa namna ambayo si ya siku ya kawaida, pembe na vikapu kichwani, ili wachaguliwe. Ugomvi juu ya idadi ukawa sehemu ya ziara. Wageni wanaondoka wakisema wamekutana na watu wenye tamaa. Mwanaanthropolojia David Turton, aliyewajua Wamursi kwa miongo mingi, aliandika kuhusu suala hili mwaka 2004, na ukimsoma kwa haki huoni tamaa. Unaona watu wanaojua fika kwamba gari limekuja kwa ajili ya visahani vya midomoni mwa wanawake wao, litakaa nusu saa, na halitarudi. Kwa nusu saa hiyo, mlio wa kamera ndicho kitu pekee walichoweza kukiwekea bei. Kilichoharibika pale ni namna ya kulipa. Ukilipia kila mlio utapata milio mingi.

Ziko namna nyingine, nazo zina kasoro zake. Maboma ya Kimasai ya Ngorongoro na ya Maasai Mara, Kenya, hutoza kiingilio, ukishaingia unapiga upendavyo. Hili linaondoa ugomvi wa idadi na linaruhusu fedha kugawanywa. Lakini upande wa Mara ilikuja kubainika kwamba sehemu kubwa ya kiingilio ilikuwa inaishia mifukoni mwa madereva wa watalii, mpaka vijiji vikaanza kudai tiketi zinazolipwa mapema. Darajani si boma. Huwezi kuweka lango kwenye soko ambalo watu wanakwenda kununua mboga, na sitaki mtu ajaribu.

Kwa hiyo mimi ningemwacha mtalii na albamu yake, na mwandishi na habari yake, hata pale wanapokera. Ningeanza na wenye jina, ofisi na leseni: kampuni za utalii, hoteli, mashirika ya ndege, bodi za utalii zenyewe. Wao hawapigi picha kwa bahati. Wanaajiri mtu, wanapanga siku, wanajua picha itatumika miaka mingapi. Mpigapicha wao anaweza kubeba fomu ya Kiswahili ya ukurasa mmoja, bei iandikwe juu yake, na nakala ya picha irudi mezani. Kabla sijamlaumu muuza pweza kwa kutaja shilingi zake, ningependa mmoja wao anionyeshe karatasi aliyomsainisha.