Mtaka Koki ya Mvunguni Sharti Alale

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wahenga hawakuwa na kempa, yaani gari lenye nyumba ndani yake. Kwenye kempa ukiinama huoni kitu. Ukipiga magoti unaona tairi. Ukitaka kuiona koki ya kumwagia maji ya tangi la maji safi, ulale chali, uingie kichwa kwanza, uchaniwe shati na chuma usichokijua jina, halafu uipeleke shingo upande ambao shingo haikuumbiwa kwenda. Hapo utaiona. Kidude cheupe cha plastiki, kimening'inia chini ya tangi karibu na ekseli, mahali ambapo kila jiwe linalorushwa na tairi lina miadi nacho. Na kinavuja.

Jamani, hii ni nyumba nzima yenye magurudumu! Ina jiko, ina choo, ina taa za kubadilisha rangi ambazo hakuna aliyeziomba. Kuna mtu alilipwa mshahara akae mezani afikirie pa kuweka kikombe, na akafikiria mahali pawili. Ilipofika zamu ya koki, nadhani ilikuwa Ijumaa jioni na watu wameshavaa makoti.

Mama watoto akaniuliza, "Kwani lazima umwage? Si uyaache tu humo humo?"

Swali zuri, na ndiyo maana linaniudhi. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 150 likijaa umebeba kilo 150, ni kama abiria wawili wasiochangia mafuta. Ukiliegesha gari na maji ndani, yanaoza. Yanaanza kunuka soksi na kuota utelezi. Na kwenye baridi ya kugandisha ndiyo balaa zaidi, maana maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na plastiki ya koki haijawahi kukubaliana na asilimia 9. Inapasuka kimyakimya usiku, nawe unapata habari siku unapojaza tangi na kuona miguu yako inaloa.

Kwa hiyo ni lazima umwage. Sasa mwage uone.

Koki ile ukishaifungua, kwa vidole viwili maana cha tatu hakipati nafasi, ina tundu la milimita 6. Nilikaa nikapiga hesabu, kwa sababu muda wa kupiga hesabu ulikuwepo wa kutosha. Tangi la lita 150 lenye kina cha sentimita 30, kwa tundu la namna hiyo, linahitaji karibu saa mbili kuisha. Saa mbili! Na usidhani yanatoka kwa mwendo mmoja. Mtaliano Evangelista Torricelli alishaandika mwaka 1644 kwamba kasi ya maji yanayotoka tunduni inafuata kimo cha maji yaliyo juu ya tundu. Kimo kikishuka, maji nayo yanaanza kujivuta kama mgeni asiyetaka kuaga. Nusu ya kwanza inakwenda vizuri, unafurahi, unapanga safari. Nusu ya pili unazeeka.

Halafu kuna siku hayatoki kabisa. Yanatoka kidogo, yanakoroma, yanasimama. Hapo si koki, ni hewa. Maji hayatoki tangini kama hewa haina pa kuingilia, kwa hiyo fungua kifuniko cha kujazia, na bomba za ndani pia zifunguliwe. Niliyasikia hayo kutoka kwa Mzee wa Ushauri. Kila kambi ina Mzee wa Ushauri. Anatokea na kikombe mkononi, anasimama penye kivuli, anazungumza na miguu yako maana ndiyo pekee inayoonekana.

"Kaza kidogo tu," akasema. "Itaacha kuvuja."

Kaza kidogo tu! Sijui ni matangi mangapi yamekwenda kaburini kwa maneno hayo matatu. Tangi lenyewe ni poliethilini, aina ya plastiki. Tundu la hesi (yale meno ya skurubu) ambalo koki inaingia limeunganishwa na tangi kiwandani kwa joto, na plastiki ile ikichanika hakuna gundi ya kawaida inayoishika. Silikoni ukiipaka, kesho unaibandua nzima nzima. Ikipasuka hapo, labda umpate fundi wa kuchomelea plastiki, au ununue tangi jipya. Koki ya plastiki inaingizwa kwa mkono mpaka ikaze, kisha inaongezwa mzunguko mmoja hivi kwa spana, basi. Anayeendelea hapo anatafuta ugomvi. Nikamwambia, "Ahsante mzee, nimesikia," nikaweka spana mbali na mkono wangu.

Niliamua kuibadilisha. Na hapo ndipo nilipokutana na nusu inchi.

Ukitaka kurukwa na akili, pima bomba la nusu inchi. Chukua rula, pima nje: milimita 21. Nusu inchi ni milimita 12.7. Pima tena, labda rula imelewa. Milimita 21. Hakuna popote kwenye hesi ile utakapoikuta nusu inchi. Ni jina tu, kama mtu anayeitwa Mfupi na ana futi sita. Na bado unaulizwa kwa upole, "Ni ya Kiingereza au ya Kimarekani?" Maana mhandisi Whitworth wa Uingereza mwaka 1841 alisema meno ya skurubu yawe na pembe ya digrii 55. Mwaka 1864 Sellers wa Marekani akasema hapana, 60. Mabomba nayo yakagawanyika vivyo hivyo. Kwa nusu inchi zote mbili zina meno 14 kwa kila inchi, kwa hiyo ya huku inaingia ya kule kwa adabu kabisa, inazunguka, inakaza, unapumua. Kisha inavuja. Digrii 5, na mgongo wangu ndio unaolowa kwa ugomvi wa mwaka 1864.

Basi ukishapata zinazofanana, zungushia tepu nyeupe ya mafundi kwenye hesi, kwa kufuata upande inakokazia, mizunguko mitatu hivi. Ukizungusha kinyume, tepu inajikunja na kujivua unapokaza. Mzee wa Ushauri alipendekeza mizunguko kumi, "kwa usalama." Hesi hizi ni za kuchongoka, ukizijaza tepu unaongeza unene, na unene ndio unaopasua plastiki.

Nilitaka koki ya maana, ile ya kishikio, yenye tufe lililotobolewa ndani. Ukigeuza robo mzunguko tundu linakaa sawa na bomba, maji yanapita wazi, hayana cha kugonga. Tundu likiwa la milimita 12 badala ya 6, upana wa njia ni mara nne, na zile saa mbili zinakuwa nusu saa. Kwenye boksi waliandika kwamba hata mtoto anaweza kuifungua. Nilicheka nikafurahi. Likumbuke boksi hilo.

Lakini usiichukue koki ya shaba ukaining'iniza moja kwa moja kwenye plastiki ya tangi. Shaba ni nzito, na barabara ina mashimo. Kila shimo linaipa koki nafasi ya kuvuta na kutikisa mpaka tundu lipasuke. Mimi niliweka elbo, kile kiungo cha kona, ya plastiki kwenye tangi, nikaunga mpira laini, nikaushusha kwa mteremko mpaka ukingoni mwa gari, na koki yenyewe nikaifunga kwenye chasisi kwa klipu. Uzito unabebwa na chuma, tangi halibebi kitu. Na huo mteremko usiusahau, kwa sababu mpira ukikunjika kama tumbo utabakiza maji pale pale, na baridi itayakuta yanaingoja.

Ah, kuhusu maji ya mwisho. Matangi mengine tundu lake liko ubavuni, juu kidogo ya sakafu ya tangi. Hayo huyamalizi hata ukiweka koki ya dhahabu. Inabidi upandishe tairi za upande mmoja kwenye mbao ili gari liinamie kwenye tundu. Nililiinamisha. Mama watoto akatoka na sufuria mkononi kuuliza kwa nini mchuzi umehamia upande mmoja.

Hata hivyo kazi ilikwisha, na ilikuwa nzuri. Ninasimama wima, hebu sikia raha hiyo, wima! Nainama kidogo tu, wahenga wamerudishiwa heshima yao, nageuza kishikio robo, na maji yanatoka kwa kishindo. Mzee wa Ushauri alikuja kutazama, akanywa kwenye kikombe chake, akakosa la kusema. Nilikaribia kumwonea huruma.

Kishikio kile ni chekundu. Kiko ukingoni mwa gari, kimo cha goti langu, yaani usawa wa mkono wa mtu wa miaka mitatu. Sasa lile boksi. Mama watoto alikuwa anaoga, sabuni imejaa usoni, tangi nililijaza asubuhi mpaka juu. Mimi niko kivulini. Nikasikia kishindo cha maji, nikasema moyoni, koki nzuri hii, hata sauti yake ni ya kiume. Kisha nikasikia sauti nyingine kutoka bafuni, ikiniita kwa jina langu kamili na la baba yangu.

Mtoto amesimama kwenye tope, mkono bado uko kwenye kishikio, anacheka.

Kuna koki zenye tundu la kupitisha kufuli, nimekwisha kuagiza. Kuna na vifuniko vya kukaza kwa hesi mwisho wa bomba, navyo nimeagiza, maana vinazuia wadudu kujenga humo vilevile. Mzee wa Ushauri alipopita aliliangalia tope, akamwangalia mtoto, akaniangalia mimi.

"Ile ya plastiki," akasema, "hakuna mtoto aliyeweza kuifungua."

"Wala mtu mzima, mzee!"

"Ndiyo maana maji yalikuwa yanakaa."