Machawa wa Marekani ya karne ya 19, na vitabu ambavyo Bongo hatuna

Wadau, mimi niko Ohio, na hili jimbo limezaa marais mpaka basi, Grant, Hayes, Garfield, McKinley wote wazaliwa wa huku. Maktaba ya mtaani kwangu ina shelfu zima la vitabu vyao, na sio vile vya maprofesa vyenye tanbihi nusu ukurasa, ni vile vya kawaida vya kumfanya mtu asahau kushuka kituo chake. Kadi ya maktaba ni bure, vya kusikiliza unapakua kwenye simu, mimi nasikiliza shifti ya usiku huku nabeba boksi.

Sasa ninachotaka kusema ni hiki: siwaonei wivu Wamarekani kwa siasa zao za zamani maana zilikuwa hovyo kabisa, wivu wangu ni kwamba ule uhovyo wameuandika wote na mfungua mizigo kama mimi anausoma bila kulipa senti.

Chukua habari ya Garfield. Enzi hizo chama kikishinda kinagawa kazi zote za serikali kwa watu wake, kuanzia posta mpaka forodha, kwa hiyo kila rais akiapa tu mji unajaa watu wanaosubiri mkeka wa uteuzi. Mmoja wao ni Charles Guiteau, chawa wa daraja la kwanza, aliandika hotuba ya kumsifia Grant, Grant alipokosa tiketi ya chama mwaka 1880 jamaa akaigeuza ikawa ya Garfield, akaisoma mbele ya watu wachache halafu akaamini kabisa kwamba yeye ndiye kampitisha mzee! Akataka ukonseli wa Paris. Anaenda Ikulu, anaenda Wizara ya Mambo ya Nje, anaacha vikaratasi, kesho yuko tena mlangoni, mpaka waziri Blaine akamfukuza kwa ukali. Tarehe 2 Julai 1881 akampiga Garfield risasi kwenye stesheni ya treni pale Washington. Na risasi yenyewe pengine isingemuua, madaktari ndio waliingiza vidole ambavyo havijanawishwa kwenye kidonda kutafuta risasi, usaha ukamjaa, akafa Septemba 19 baada ya kuteseka wiki kumi na moja. Daktari mkuu alipewa na wazazi wake jina la Doctor, yaani Doctor Bliss, hata bila shahada angeitwa Doctor.

Kinachonogesha ni makamu wake, Chester Arthur. Huyu alikuwa bosi wa forodha New York, pale ambapo wafanyakazi walikatwa mshahara kuchangia chama, Hayes akamtoa mwaka 1878. Watu wakasema basi tumekwisha, mtoto wa mfumo kashika nchi. Na huyohuyo ndiye akasaini Januari 1883 sheria ya watu kupata kazi kwa mtihani, ingawa ilianza na kama moja ya kumi tu ya kazi za serikali kuu.

Sasa niambie, kwetu habari ya namna hiyo kuhusu kiongozi, aliingiaje, nani alimbeba, alimsaliti nani, utaipata wapi? Sekondari tulikariri sababu za wakoloni kuja Afrika, pepa ya NECTA ikiisha kila kitu kimeisha. Wazee wakistaafu wanajiandikia wenyewe, Mkapa mwaka 2019 kwa Kiingereza, Mwinyi 2021 kwa Kiswahili, na nawapa heshima yao, Mkapa mpaka aliandika kwamba mauaji ya Pemba ya Januari 2001 ni doa kwenye urais wake, hilo sio dogo. Lakini mtu hawezi kujichunguza mwenyewe mgongoni. Vile vitabu vitatu vikubwa vya maisha ya Nyerere vilivyotoka 2020 ndio uchunguzi wenyewe, ila navyo ni Kiingereza, mjomba wangu wa Korogwe anavisomaje? Akitaka historia anabaki na stori za kijiweni ambazo nyingine ni nzuri kuliko vitabu, sema mzee akifa zimekufa naye.

Msije mkadhani huku kila kitabu ni asali. Uchaguzi wa 1876 wanausimulia kama fainali ya mpira: kura 20 za wajumbe wa majimbo wanaomchagua rais zina mgogoro, tume ya watu 15 inapiga 8 kwa 7, Hayes anapita 185 kwa 184, utamu mtupu. Halafu 1877 askari wa serikali kuu wanaacha kulinda Kusini, watu weusi ambao walikuwa wameshaanza kupiga kura na kukaa bungeni wanaachwa mikononi mwa mabwana zao wa jana, hapo mwandishi anapita mbio kurasa chache! Mimi mweusi wa Ohio hapo ndipo nataka asimame.

Na Unguja je? Mkataba wa Sayyid Said na Wamarekani ni wa 1833, Rais Andrew Jackson yuko Ikulu ya Washington, konseli wao akafika Unguja 1837, meli za Salem, bandari ya Massachusetts, zinaleta vitambaa vya merikani na kuondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Pamba ya vitambaa hivyo ililimwa na watumwa wa Kusini, na pembe zetu zilibebwa na watumwa mpaka pwani. Kitabu kizima hicho kinakaa pale hakina mwandishi, kwenye vile vya Jackson nilivyosoma Unguja haimo.

Wiki hii niko na kitabu cha Boss Tweed, bosi wa siasa za New York, aliyepiga hela za jiji kwenye ujenzi wa mahakama. Alitoroka kifungo akafika Spain, 1876 wakamtambua kwa katuni za Thomas Nast. Yaani katuni! Ndio maana nasema Masoud Kipanya kwetu anafanya kazi ya wanahistoria kumi, mtu akusanye zile katuni zake mwaka kwa mwaka, aweke na maelezo ya nani ni nani, kwa Kiswahili, bei ya kununulika Kariakoo, mimi nanunua nakala tano na nauli ya posta juu yangu.