Kawakatsu na maji ya mto Oi

Heita Kawakatsu, profesa wa historia ya uchumi aliyegeuka mwanasiasa, aliuongoza mkoa wa Shizuoka nchini Japani tangu 2009 hadi Mei 2024. Wapo wanaomwita mlinzi wa maji, na wapo wanaoona aliikwamisha nchi nzima.

Ugomvi ulihusu treni ya sumaku ya Tokyo hadi Nagoya, ambayo kampuni ya JR Central ilipanga kuizindua 2027. Handaki lake linapita chini ya milima ya kaskazini mwa Shizuoka, mto Oi unakoanzia, na mkoa wenyewe haupati hata kituo kimoja. Kampuni yenyewe ilikadiria kuwa mto ungeweza kupungukiwa hadi mita 2 za ujazo kila sekunde. Maji hayo ndiyo yanayotegemewa na mashamba ya chai ya Makinohara na miji ya bondeni. Na hofu haikuwa ya kubuni: handaki la Tanna, lililofunguliwa mkoani humo 1934, lilikausha chemchemi za wakulima waliokuwa juu yake. Kawakatsu akazuia kibali, na sheria ya mito ilimpa uwezo huo.

Mwaka 2018 JR Central ikakubali kurudisha mtoni maji yote yatakayovuja handakini. Bila ugumu wa gavana, sioni ahadi hiyo ingetoka wapi. Wapigakura nao walimrudisha 2021 kwa kishindo, wakimwacha mgombea wa LDP, chama tawala.

Wapinzani wake husema kila alipojibiwa alizua swali jingine: leo maji, kesho viumbe, keshokutwa udongo. Hapo wana hoja. Ila kumtwisha yeye peke yake lawama za ucheleweshaji ni kumwonea, maana hata nje ya Shizuoka kazi ilikuwa nyuma ya ratiba.

Kilichomponza ni ulimi. Mwaka 2021 aliudhihaki mji wa Gotemba kuwa hauna kitu ila mchele, baraza la mkoa likamtaka ajiuzulu. Julai 2023 hoja ya kutokuwa na imani naye ilikwama kwa kura moja tu. Kisha, Aprili 1, 2024, akawaambia watumishi wapya wa mkoa kwamba wao ni watu wa akili, si kama wauza mboga na wachunga ng'ombe. Kesho yake akatangaza kuondoka.

Hili ndilo nisiloweza kumtetea nalo. Nguvu yake yote mbele ya JR Central ilitoka kwa wakulima. Mrithi wake, Yasutomo Suzuki, aliingia akiiunga mkono treni, lakini sharti la maji hakulifuta.